Kabla ya kumwita farasi mkaidi, mvue tandiko

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu farasi wakaidi. Mwandishi ameeleza vizuri namna ya kumtambua farasi wa aina hiyo: analaza masikio akiona tandiko linaletwa, anageuka kuuma anapofungwa mkanda wa tumbo, anarusharusha mkia, anagoma mbele ya kizuizi, na siku nyingine anamtupa mpanda wake chini. Kisha akashauri mkono mkali zaidi, lijamu kali zaidi, na hayo yote yakishindikana, farasi auzwe. Nimeisoma makala yote nikitafuta sentensi moja tu inayomwambia mtu aupapase mgongo wa mnyama huyo. Sikuiona.

Mimi ni fundi wa matandiko. Ninayafumua, ninayajaza sufu upya, ninashona mikanda iliyochanika, na ninapima kama tandiko linamfaa farasi anayelibeba. Kumfundisha farasi siwezi, na nikiwa juu yake mimi si mtu wa kutazamwa. Lakini upande wa chini wa tandiko, ule ambao mpanda hauoni, ndio ninaoushika kila siku, na dalili alizoziorodhesha mwandishi wenu ndizo ninazosimuliwa na wateja kabla sijafungua mfuko wa vifaa.

Karibu zote zinaweza kuwa dalili za maumivu. Mwaka 2018 daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake walichapisha orodha ya matendo 24 ya kuangaliwa kwa farasi akiwa na mtu mgongoni. Kulaza masikio kwa muda, kufungua kinywa, kurusha mkia, kutikisa kichwa, kukataa kwenda mbele, yote yamo. Farasi akionyesha matendo 8 au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba kuna mahali panamuuma. Isome orodha hiyo kando ya makala yenu, utadhani moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine, ila daktari anatafuta kidonda na mwandishi wenu anatafuta fimbo.

Ndiyo, tuna msemo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Sijawahi kumsikia anayeusema akianza kwa kuuliza punda mwenyewe alikuwa amebebeshwa nini na kwa namna gani. Mimi nashika ule wa pili, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika kazi yangu huo hauna hata fumbo: aliye juu anahisi ngozi laini, aliye chini anahisi kiunzi.

Kiunzi ni ule mfupa wa ndani wa tandiko, wa mbao, chuma au plastiki ngumu. Hakipindi kumfuata mnyama. Upana wa tao lake la mbele ndio unaoamua mengi. Likiwa jembamba mno, ncha zake zinaibana misuli iliyo nyuma ya mabega. Likiwa pana mno, tandiko zima linashuka na kulalia mfupa wa kigongo cha mabegani, kile kinundu kilicho juu ya mabega shingo inapoishia. Chini ya kiunzi kuna mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati yake mfereji. Uti wenyewe usiguswe na chochote. Mfereji uwe na upana wa vidole vitatu au vinne kutoka mbele hadi nyuma. Ninaletewa matandiko ambayo mbele unapitisha kiganja na nyuma hakipiti hata kidole kimoja, na mwenye nayo anashangaa kwa nini farasi wake akigeuka anakaza kiuno.

Wengi wanadhani uzito unaoushukia mgongo ni ule unaosomeka kwenye mizani. Sivyo. Watafiti wametandaza mikeka yenye vihisi chini ya tandiko na kupima. Farasi akitembea taratibu, nguvu inayomshukia inapita uzito wa mpanda kwa kiasi kidogo. Akienda mchakamchaka inafika karibu mara mbili na nusu ya uzito huo, na akienda shoti inazidi hapo. Kwa mpanda wa kilo 70, mchakamchaka una maana ya zaidi ya kilo 170 katika kilele cha kila hatua, hatua baada ya hatua. Nguvu hiyo ikitawanywa juu ya mito yote miwili, mgongo wenye misuli mizuri unaihimili. Ikikusanyika mahali padogo, mishipa midogo ya damu inabanwa, ngozi na misuli ya hapo inakosa damu, na kinachofuata ni uvimbe, misuli kunyauka, au kidonda.

Kupima si uchawi, na hatua za kwanza mwenye farasi anaweza kuzifanya mwenyewe. Msimamishe farasi mahali tambarare, miguu yote minne ikiwa sawa, kichwa kikiwa mbele. Toa pedi na nguo zote zinazokaa chini ya tandiko. Tafuta kwa vidole ukingo wa nyuma wa kombe la bega na uuchore kwa chaki. Sasa mwombe mtu auinue mguu wa mbele na kuuvuta mbele taratibu, huku kiganja chako kikiwa pale pale penye chaki. Utahisi kombe likirudi nyuma na kuupita mstari wako. Farasi hufanya hivyo kila anaponyoosha mguu. Tandiko lililowekwa juu ya mstari huo linamgonga bega kila hatua, naye kwa akili yake anafupisha hatua. Mpanda atakwambia farasi wangu mvivu.

Halafu tafuta ubavu wa mwisho. Farasi kwa kawaida ana jozi 18 za mbavu. Uupate ule wa mwisho ubavuni na uufuate kwa vidole unavyopanda kuelekea mgongoni. Chora hapo pia. Kati ya chaki hizo mbili ndipo uzito unaporuhusiwa kukaa, kwa sababu ndipo uti unaposhikiliwa na mbavu. Nyuma ya hapo ni kiuno, na kiuno hakina nguzo chini yake. Ukimaliza utashangaa jinsi eneo lenyewe lilivyo fupi, hasa kwa farasi mnene wa miguu mifupi. Na hapa ndipo ugomvi wangu na wateja unapoanzia: mpanda mrefu mwenye mapaja marefu anahitaji kiti kikubwa, farasi wake ana mgongo wa tandiko dogo. Mmoja lazima akubali kupoteza. Mimi nasema asiwe farasi, na nimeshapoteza wateja kwa kusema hivyo.

Baada ya chaki, weka tandiko mbele kidogo ya mahali pake, lisukume nyuma taratibu kwa kufuata manyoya yalivyolala hadi litulie lenyewe. Wengi hulifunga mbele mno, juu ya makombe. Mbele kunanyanyuka, kiti kinainama nyuma, na mpanda anaangukia ukingo wa nyuma na uzito wake wote. Ndipo mtu anaongeza pedi nyuma ili kusawazisha, na sasa ana makosa mawili mahali pa moja.

Pitisha mkono chini ya mto, kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili, bila kufunga mkanda kwanza. Mgandamizo uwe sawasawa njia nzima. Mkono ukibanwa mbele, ukaelea katikati, ukabanwa tena nyuma, tandiko hilo limekuwa daraja, linasimama kwenye pembe nne. Kinyume chake ni lile linalogusa katikati tu na kuyumba kama kiti cha kubembea. Hilo humsugua farasi kila mpanda anapoinuka na kukaa. Kisha rudia kipimo chote mpanda akiwa juu. Hili linarukwa sana. Tandiko tupu ni jambo moja, tandiko lenye mtu ni jingine kabisa, na farasi anayetembea ni la tatu.

Kuna kipimo kimoja kimekuwa kama sala kwa wapanda farasi: vidole vitatu kati ya tao la mbele na kigongo cha mabegani, basi, tandiko limefaa. Naomba mniruhusu nikivunje. Tandiko jembamba kupita kiasi hukaa juu, halishuki mahali pake, na chini ya tao lake utapitisha vidole vitatu, vinne, hata ngumi. Mwenye nalo anafurahia ile nafasi huku ncha za kiunzi zikiwa zimezama kwenye misuli. Nafasi juu ya kigongo ni lazima iwepo, ndiyo, na ibaki hata mpanda akishakaa. Lakini peke yake haithibitishi kitu. Angalia na pande za kigongo, na angalia kama mstari wa kiti uko sawa au umeinama nyuma.

Na pedi. Laiti ningekuwa na mamlaka ningezifungia kabatini. Pedi nene, pedi ya jeli, pedi ya manyoya ya kondoo, pedi juu ya pedi. Kila moja inauzwa kwa ahadi ya kumstarehesha farasi. Tandiko likiwa linabana, kuongeza pedi ni sawa na kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Likiwa pana kidogo kwa sababu farasi amekonda au bado hajajenga misuli, hapo pedi iliyokatwa vizuri inaweza kushikilia mambo kwa muda, huku kila mtu akijua ni ya muda. Nisichokubali ni ile pedi iliyonunuliwa ili fundi asiitwe.

Nizungumzie pia alama, maana zinasomwa vibaya. Manyoya meupe yanayoota mabegani mwa farasi wa rangi nyeusi au ya kahawia si urembo. Ni makovu ya mbano uliodhuru mashina ya manyoya. Lakini ni historia. Yanaonyesha kuwa tandiko fulani liliwahi kumuumiza, huenda kwa mwenye naye wa zamani, na hayalishtaki tandiko la leo. Jasho nalo lina ulimi wa pande mbili. Ukivua tandiko ukakuta mgongo umelowa kote isipokuwa kiraka kikavu, huenda hapo palibanwa hadi ngozi ikashindwa kutoa jasho, au huenda tandiko halikugusa kabisa. Ukitaka kujua ni lipi, papasa. Penye mbano farasi atakwepa mkono, atashusha mgongo, au misuli itaruka chini ya vidole. Papasa kwa tumbo la vidole, si kwa kucha. Farasi yeyote atashtuka ukimchoma, na tusije tukamtungia ugonjwa.

Jambo ambalo watu hulipokea kwa uchungu zaidi, pengine kwa sababu ya mfuko, ni kwamba tandiko lililofaa mwaka jana linaweza kuwa halifai leo bila mtu kulaumiwa. Mgongo hubadilika. Farasi mchanga hupanuka, mzee hushuka mgongo, aliyepumzishwa kwa jeraha hupoteza misuli nyuma ya mabega, aliyerudi kazini huijenga, jike hubadilika kwa mimba. Majeshi yaliyotegemea farasi yalijua hili kwa gharama kubwa, maana farasi mwenye kidonda mgongoni ni askari anayetembea kwa miguu. Tandiko la jeshi la Uingereza la mwaka 1912 lilitengenezwa kwa matao yenye bawaba ili mbao za pembeni zimfuate farasi anapokonda vitani. Zaidi ya miaka mia imepita na bado naulizwa: si ulilipima ulipoliuza?

Sufu yenyewe pia hushuka. Tandiko jipya hutulia katika miezi ya kwanza ya matumizi na linahitaji kuangaliwa upya, na baadaye sufu hufanya mabonge. Naufungua mto natoa vipande vigumu ambavyo ukivibonyeza haviingii, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimkandamiza mnyama kila siku. Kwa farasi anayefanya kazi mara kwa mara, kuangaliwa kila baada ya miezi sita ni desturi njema. Kwa mchanga au anayebadilika haraka, mapema zaidi. Fundi wa kwato anaitwa kila baada ya wiki chache na hakuna anayenung'unika.

Sasa mpanda, maana naye ana mgongo. Mwalimu anampigia kelele mwanafunzi: nyoosha, rudisha miguu, acha kukaa kama uko kwenye kochi! Mwanafunzi anajikaza, anarudisha miguu, dakika mbili baadaye imerudi mbele. Nenda kaangalie vyuma vinavyobeba mikanda ya vikuku, vile vya kuwekea miguu, vimewekwa wapi. Vikiwa mbele mno kwa paja lake, kikuku kinauvuta mguu mbele na nyonga zinarudi nyuma, na hakuna kelele itakayozidi nguvu ya hiyo mikanda. Mpanda aliyekaa vizuri, ukimtazama kwa ubavu, sikio, bega, nyonga na kisigino vinashuka kwenye mstari mmoja. Tandiko linaweza kumfikisha hapo au likamzuia asifike. Kiti chembamba kikimkata au kipana kikimpanua nyonga kupita anavyoweza, ataumwa kiuno na nyonga, atajikunja kukwepa maumivu, na kule kujikunja kunamfikia farasi kama mzigo wa upande mmoja. Mpanda ateguliwe na tandiko, farasi ateguliwe na mpanda, kisha tunamtafuta mkorofi ni nani.

Nina ombi dogo kwa wapanda wote: tumieni kigoda cha kupandia. Mtu anayepanda kutoka chini kila siku kwa upande wa kushoto analivuta tandiko zima kushoto, anakikunja kiunzi, na ule mkanda wa kikuku cha kushoto unarefuka. Nikiutoa nikaulinganisha na wa kulia, mara nyingi hata sihitaji kuuliza anapandaje. Kuibadilisha hiyo mikanda pande mara kwa mara hakumgharimu mtu chochote.

Lakini si kila tandiko linaloegemea upande mmoja ni kosa la tandiko. Farasi wengi wana bega moja kubwa kuliko jingine. Na utafiti wa Line Greve na Sue Dyson uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba tandiko kuteleza kwenda upande mmoja mara nyingi kunaambatana na kuchechemea kwa mguu wa nyuma, tena kuchechemea kudogo ambako jicho la kawaida halikuoni. Maumivu ya mguu yalipozuiwa kwa sindano, tandiko lilitulia katikati. Ndiyo maana kuna siku nafunga mfuko wangu na kumwambia mteja amwite daktari wa mifugo kwanza. Fundi anayejaza sufu upande mmoja ili kunyoosha tandiko la farasi anayechechemea amelificha tatizo, na amelipwa kwa kulificha.

Ninaowalaumu zaidi si wapanda wanaoanza, ambao hawajui. Ni wenye vituo vya kufundishia wanaojua na kuendelea. Tandiko moja linahamishwa kutoka farasi mwembamba wa mabega marefu kwenda kwa mnene wa mgongo bapa, kwa sababu ndilo lililo karibu na mlango, au kwa sababu mteja amelizoea. Linakazwa mkanda tu, linakwenda. Niliwahi kuitwa kwenye kituo kimoja kushona mishipi. Nilipoomba kuiona migongo ya farasi, nikaambiwa niendelee na kushona.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mchapishe kwa uzito ule ule mlioipa makala ya ukaidi mambo machache kwa wenye vituo. Kila farasi awe na tandiko lake, jina lake limeandikwa kwenye ngozi, na lisitoke kwa mwingine bila kupimwa. Kila linapopimwa, umbo la mgongo lichorwe kwa waya laini unaokunjika: mstari mmoja nyuma ya kombe la bega, wa pili katikati ya tandiko, wa tatu kwenye ubavu wa mwisho, na mmoja wa urefu. Michoro ihamishiwe kwenye karatasi, iandikwe tarehe na jina la farasi, itunzwe chumba cha matandiko ambako kila mwalimu anaweza kuiona. Ukiweka karatasi ya leo juu ya ile ya miezi sita iliyopita, unaona mahali misuli ilipoongezeka au kupungua, na upande upi. Fundi yeyote mwenye akili ataomba kuziona karatasi hizo kabla hajagusa tandiko, na daktari vilevile.

Wako,
Fundi wa matandiko